Maficho ya Majani ya Miwa

Juzi nilimwona jirani hapa kwetu Rejaf akichoma majani makavu ya miwa, nikamkumbuka mama tulipokuwa wakimbizi Uganda. Yeye hakuchoma. Mchana mmoja aliyatandaza shambani, nami, mtoto niliyezoea kukimbia askari, nilidhani anatutengenezea maficho. Nikajifunika majani, nikalala kimya hadi jioni nikinusa udongo mbichi.

"Mama, askari wamepita?" nilimuuliza aliponipata.

"Askari gani, we mtoto? Nafunika udongo usikauke. Majani yakioza, miwa inakula." Alicheka, kisha akaitazama barabara kwa muda mrefu.

Nchi yetu ilipopata uhuru nilirudi nyumbani, nikachoma kila msimu nikidhani ni usafi, mpaka udongo ukachoka. Sasa vita vingine vimewapeleka wanangu Uganda. Nimeanza kutandaza majani peke yangu, na sijui nani ataila miwa hiyo.