Ubatizo Uliongojwa Ruziba

Niliondoka Dodoma kwa sababu kanisa letu lilihitaji mtu wa kukusanya kundi dogo Bujumbura, na miongoni mwa vijana tuliohitimu chuo cha theolojia mwaka ule, mimi peke yangu sikuwa na mke wala mgonjwa wa kutunza. Mchungaji mkuu alinieleza jambo moja bila kuzunguka: chumba cha ibada tulichopanga Mutanga Nord kingeendelea kuwapo iwapo tu, mwishoni mwa utumishi wangu, angepatikana mwenyeji aliyebatizwa wa kukiongoza. Asipopatikana, kingefungwa. Nilikubali kwa wepesi wa mtu aliyesoma Kigiriki akadhani amesoma watu.

Kutoka Kigoma nilipanda gari la Manyovu, nikavuka mpaka, kisha nikashika barabara inayoandama ziwa kupitia Nyanza-Lac na Rumonge. Kulia palikuwa na milima na michikichi, kushoto, maji. Karibu na Ruziba ziwa lilikuwa limepanda hadi kwenye kuta za nyumba, na milango iliyoachwa wazi ilionyesha vyumba vilivyoota matete.

Mutanga Nord nilipokewa na mtumishi mwenzangu, Déo, kijana Mrundi aliyetumwa kwa muda kama mimi kutoka mkoa mwingine, aliyenitania tangu salamu ya kwanza.

“Ndugu, Kiswahili yako ni ya redio,” alisema. “Batu batangojea useme habari ya saa mbili.”

Kila asubuhi tulifagia chumba, tukapanga mabenchi, tukasoma, kisha tukatoka kwa miguu, kwa kuwa mafuta ya magari yalikuwa adimu na mabasi yalipita kwa nadra. Watu walitukaribisha, wakatupa viti, wakasikiliza hadi mwisho na kutushukuru. Jumapili mabenchi yalibaki matupu. Mama mmoja muuza ndagala, hao dagaa wa ziwani, alituita kila tulipopita: “Mwalimu, Yesu alishafika huku mbele yako. Weye ulichelewa basi.” Nilicheka mara za kwanza.

“Hapa akuna mutu atakwambia apana,” Déo alinieleza. “Ukingoja iyo apana, utazeeka.”

Ruziba ndiko tulikompata Mzee Salvator. Alikuwa amebeba mizigo bandarini hadi mgongo ulipomshinda, naye sasa alilima maharagwe. Lakini sifa yake ilikuwa ulimi. Katika desturi ya Warundi, ukoo wa kijana humtuma msemaji kwenda kuomba binti, na ukoo wa binti huweka msemaji wake wa kujibu. Maneno yakikubaliwa, mtungi wa pombe ya mtama huwekwa katikati, na msemaji wa binti huvuta kwanza kwa mrija. Kabla hajavuta, hakuna lililokubaliwa. Salvator alikuwa msemaji wa ukoo wake. Kanisa letu halimbatizi anayekunywa.

Alitusikiliza msimu mzima wa mvua, akauliza maswali ambayo hata walimu wangu wasingeona haya kuyauliza. Hatimaye akasema ataingia majini Jumapili ya mwisho kabla sijaondoka. Baadaye nikapata habari kwamba Jumamosi itakayotangulia watu wangekuja kumwomba binti wa marehemu kaka yake.

“Mzee, huwezi kumwachia mwingine mrija?” nilimuuliza.

“Nani? Kaka yangu alikufa. Ni mi baba yake sasa. Nikikataa kunywa, bale batasema tumebanyima mutoto.”

“Unaweza kuwaeleza sababu.”

“Kueleza naweza, mwalimu. Ni kazi yangu. Lakini ile saa batu abaskii maneno, banaangalia mrija.” Kisha akaongeza kwa upole: “Njoo tu. Utakaa karibu yangu.”

Jumamosi mchana ua wake ulijaa. Maneno yalikuwa ya Kirundi, na Déo alinitafsiria sikioni. Msemaji wa kijana alianza kwa kejeli: wamesikia kwamba mzee wa nyumba hii amekuwa padri, je, wamekuja kuoa au kuungama? Watu wakacheka. Salvator akajibu kwamba upadri bado, ila akiupata ataanza na wao, maana dhambi zao anazijua. Wakacheka zaidi. Mtungi ukaletwa.

Aliushika mrija bila kuinama. Binti alisimama mlangoni, mikono ameibana kifuani. Mzee alinitazama, si kwa kuomba ruhusa, bali kama mtu amtazamavyo mgeni aliyewekewa kiti katikati ya njia. Kisha akainama akavuta. Vigelegele vilipopaa, binti alishusha pumzi, nami nikatambua kwa hofu kwamba nilikuwa nimeshusha yangu. Nilitaka anywe.

Asubuhi ya Jumapili tulingoja ufukweni. Salvator alikuja na shati lililofuliwa.

“Nilisema nitakuja,” alisema.

“Utaingia?”

“Weye unasema je?”

Nilimuuliza kama kanuni inavyotaka: je, ameiacha pombe? Hakudanganya. “Mabinti beko bengine mu familia,” alijibu. “Na mi sijakufa.”

Sikumwingiza majini. Tulikaa juu ya majani makavu, watu watatu, tukatazama maji mpaka jua likawa kali.

Siku iliyofuata tulirudisha ufunguo wa chumba. Kwa kuwa magari hayakuwa na mafuta, Salvator alinipeleka bandarini alikojulikana, akasema na nahodha wa chombo kilichokuwa kinarudi Kigoma baada ya kushusha saruji. Nahodha alisitasita. Mzee akazungumza kwa ufasaha ule ule wa uani, akamaliza: “Huyu ni mutu yetu.” Nikapewa nafasi.

Nyumbani, mchungaji mkuu aliniuliza kama mzee yule aliikataa imani. Nilijibu kwamba hakukataa. Ni yeye aliyeniuliza kama aingie majini, nami sikuwa na jibu. Hakuniuliza zaidi, wala sijaomba kutumwa tena. Nilichojifunza Bujumbura ni kwamba yawezekana kumpenda mtu, kumfundisha kwa uaminifu wote, na kumwacha bila kitu. Naye akakusindikiza hadi chomboni, akasimama pale mpaka usimwone.