Msiba Hupelekwa na Wawili

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo baba yangu alikuja shuleni kwetu Songea mjini amevaa koti lake la kanisani, akaketi mstari wa mbele, akasikiliza habari za maisha yake ambazo hazikuwa zake.

Nilikuwa kidato cha tano. Nilisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, na historia ndiyo iliyonipeleka pale. Lakini miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, ilikuwa na upepo wake. Maduka yaliyokuwa matupu tangu utoto wangu yalijaa sabuni na redio za kaseti. Mtu aliyekaa kusoma mambo ya kale alionekana kama anayechota maji kwa tenga.

Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Felisiani, mtu wa Bukoba, alituambia kabla ya likizo, "Kitabu kitakwambia manamba walikuwa wengi. Wewe nenda kamtafute mmoja. Kaa naye, uandike anachosema yeye."

Manamba, kama hujapata kusikia, ni wanaume waliochukuliwa huku kwetu enzi za mkoloni kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wakawa wanaitwa kwa namba. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Sikuwa na haja ya kumtafuta mbali.

Nilimkuta kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, katika msimu wa kukausha tumbaku. Mama alikuwa amekwishafariki, na baba alishinda peke yake kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, akilinda moto usizidi wala usififie. Nilipomweleza kazi niliyopewa, aliweka kuni chini, akajifuta mikono.

"Ya Tanga? Shule inataka kusikia ya Tanga?"

"Ndiyo, baba."

"Basi lete daftari, uje ukae hapa. Yapo majina ya watu."

"Kesho, baba."

Ah, kesho ile. Binamu yangu Kasiani alikuwa akiuza mitumba gulioni, nguo ambazo siku hizo tuliziita kafaulaya, yaani za mtu aliyekufa Ulaya, akaniomba nimsaidie kunadi.

"Wewe unasoma habari za waliokufa," aliniambia, "mimi nauza nguo zao. Tuone nani atakula nyama."

Nilicheka, nikaenda naye, na kesho yake tena. Nilizipenda kelele za gulio kuliko moshi wa bani. Na nikuambie ukweli, niliona aibu kidogo kuwa mtoto wa manamba. Kila jioni nikirudi nilimkuta baba ameweka kigoda cha pili karibu na moto. Nilikipita, nikaingia ndani kulala.

Likizo ikaisha. Shuleni nikafungua kitabu cha historia, nikachukua kila kilichosemwa kuhusu manamba wote, nikakitia mdomoni mwa baba yangu. Kwamba alikata mkonge mpaka viganja vikachubuka. Kwamba nyapara alimchapa, kwamba alilala kwenye kunguni. Nilikiandika kwa Kiingereza kizuri. Mwalimu akasema ndiyo kazi bora darasani, na siku ya wazazi angeisoma mbele ya watu.

Hivyo ndivyo baba alivyofika pale na koti lake. Mwalimu alisoma, na baada ya kila sentensi alisimama akaitafsiri kwa Kiswahili, ili mzee asikie maneno yake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu iliishia kwenye ukumbi ule.

"Mzee, shikamoo," Mwalimu alisema alipomaliza. "Haya ndiyo uliyomwambia kijana?"

Baba alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwalimu. Ndiyo. Niliyasema."

Watu wakapiga makofi.

Nilimsindikiza hadi stendi. Tulisimama hapo mpaka gari la Namtumbo lilipoonekana.

"Mimi sikukata mkonge," akasema. "Nilifika mgonjwa wa mgongo, nyapara akanipa koleo. Nilikuwa nazika. Vijana wa huku kwetu nimewazika kule kwa mikono hii, na makwao mpaka leo wanadhani walilowea."

"Kwa nini hukuwaambia, baba?"

"Kwetu msiba haupelekwi na mtu mmoja. Hupelekwa na wawili. Mmoja aseme, mwingine ashuhudie kwamba hakuongeza wala hakupunguza. Wenzangu niliorudi nao wamekwisha wote. Nilikuwa nakungoja wewe ukue."

"Basi niambie sasa. Nitaandika, tutakwenda wote."

"Umekwishaandika," akasema baba.

Aliweka mguu kwenye ngazi ya gari, akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mtu aliyenisemea nisiyoyasema, nami ningali hai, nitasimama naye vipi mbele ya mama wa mtu?"

Gari likaondoka. Laiti angenichapa, pengine ningepona mapema.

Usidhani mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu. Likizo iliyofuata ningeweza kukikalia kile kigoda, nikanyamaza, nikangoja mpaka aniamini tena. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini ukikaa naye kwa adabu ipo siku atakuonyesha lilipo. Mimi niliona haya, nikawa mtu wa shughuli nyingi. Nilimaliza kidato cha sita bila alama za kunipeleka mbali, nikaenda Tunduru kuchekecha mchanga nikitafuta mawe ya thamani. Nilikaa huko miaka, nikipata kidogo na kukitumia chote. Salamu nilituma, mwenyewe sikwenda.

Siku niliyorudi ni ile niliyoletewa habari kwamba baba ameanguka kiharusi. Nilikaa karibu naye, daftari mapajani. Aliniona, na nadhani alinisamehe, kwa maana midomo yake ilihangaika sana. Lakini sauti iliyotoka haikuwa jina la mtu yeyote.

Matangani alikuja bibi mmoja wa kijiji cha pili, ameshikwa mkono na mjukuu wake.

"Wewe ndiye yule mwanawe aliyesoma?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaka yangu Yohani alikwenda Tanga na baba yako. Mama yetu alimwekea chakula mpaka alipokufa. Baba yako hakuwahi kumtaja?"

Maneno mazuri yalikuwa tayari ulimini mwangu. Kwamba alimtaja, kwamba alimzika kwa sala, kaburi likaelekezwa kwetu. Bibi angelia, angepumzika. Nani angejua? Lakini nilikumbuka ngazi ya lile gari.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Alitaka kunieleza. Mimi sikukaa kumsikiliza."

Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulitegemea.

"Haya," akasema. "Basi tutaendelea kungoja." Akaenda kuketi mkekani na wanawake wenzake.

Sasa mzee ni mimi. Ninaishi katika nyumba ile ile. Bani limeanguka, wanangu wako Dar es Salaam, na jioni huku ni ndefu. Kigoda cha pili ninacho. Watu hupita barabarani wakanisalimu shikamoo, nikaitika marahaba, wakaendelea na safari yao. Siwalaumu. Nami nilipita hivyo hivyo.

Kwa hiyo wewe unayesoma historia, na wenzako wanakucheka kwamba haina ajira, nisikilize. Soma vitabu vyako na ufaulu mtihani wako. Lakini mzee akikwambia njoo ukae, usimwambie kesho. Usimjazie maneno, hata yawe matamu, hata yawe ya kweli kwa watu wengine wote. Kama hujui, sema hujui, maana wapo watu wanaokaa miaka wakingoja neno moja, na ukiwapa la uongo umewazikia ndugu yao mara ya pili. Na ukikosea kama mimi, rudi mapema. Haya ya siku moja ni nyepesi kuliko majuto ya mzee aliye peke yake.

Mungu akukutanishe na wazee wako wangali na sauti. Akupe subira ya kukaa kwenye moshi. Na siku utakayopeleka neno zito kwenye nyumba ya watu, mwanangu, akupe mtu wa kwenda naye.