Hatua ya Koplo Ireri

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bunduki wala sikumkamata mtu. Nilitembea tu. Niliripoti katika kituo kidogo nje ya Nkubu nikiwa na sanduku la bati begani, na Mkuu wa Kituo, mzee mwembamba aliyeyatunza masharubu yake kuliko faili zake, akanitazama kupitia dirishani na kuniambia, bila hata salamu, niende mpaka kwenye mlingoti wa bendera nirudi. Nikaenda, nikarudi. Akanituma tena. Mara ya tatu akatoka nje, mikono nyuma.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamjibu kwamba baba yangu ni mchinjaji, Majengo, Meru mjini.

"Mwambie baba yako amekuwa akipoteza polisi bure buchani," alisema. "Kazi ya polisi inaanza kwa miguu, kijana. Raia akikuona kwa mbali, kabla hata ya kuona uso, ashajua kama wewe ni wa kumsaidia ama wa kumsumbua."

Hivyo ndivyo nilivyoingizwa katika gwaride, na sikutoka humo mpaka nilipostaafu. Wenzangu walisifiwa kwa kupeleleza wizi wa ng'ombe. Mimi nilisifiwa kwa mistari iliyonyooka.

Nyinyi vijana mnaosoma haya huenda mkadhani gwaride ni kupiga buti chini hadi vumbi litimke. Sivyo. Gwaride ni watu thelathini kukubali kuwa mtu mmoja kwa muda wa saa moja. Kuna hatua ya haraka, ile mnayoiona siku za sherehe uwanjani. Halafu kuna hatua ya pole, ambayo ni ya mazishi: mguu unatangulia, vidole vinatazama chini, unaning'inia hewani kidogo, ndipo unatua. Ni ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu akienda haraka huficha makosa, lakini akienda polepole huonekana alivyo. Mwalimu wa gwaride hubeba fimbo yenye miguu miwili kama bikari, ya kupimia urefu wa hatua. Yangu nilipewa Embu, na mke wangu alizoea kusema kwamba naipangusa kuliko ninavyowapangusa watoto.

Baada ya Nkubu nilipelekwa Embu, chini ya Inspekta mmoja mama ambaye hakuwahi kupaza sauti hata siku moja. Aliniambia mimi hupiga kelele kama kondakta, na kwamba amri ya kweli huhitaji kusemwa mara moja tu. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaona ana haki. Kutoka hapo nikatumwa kwenye nyanda kavu za Mbeere, ambako gwaride letu lilitazamwa na mbuzi. Mwishowe, nikiwa Sajini, nikaletwa kituo kilicho kando ya barabara ya Meru na Embu, penye zile kona na mabonde ambayo kila msafiri wa njia hiyo anayajua tumboni mwake. Nilikaa hapo miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo nilipompata Ireri.

Alikuja akiwa konstebo, mfupi, mpana wa mabega, na tabasamu ambalo hakuna adhabu iliyoweza kulifuta. Kwao ni juu ya Manyatta, kule mashamba ya kahawa yanakoning'inia juu ya mito. Tangu utotoni alikuwa akibeba magunia ya kahawa kwenye miteremko, na miguu yake ilikuwa imeshaamua jinsi ya kutembea kabla serikali haijaulizwa. Alikunja magoti. Aligeuza nyayo upande. Alipiga hatua fupi, akikanyaga kwa kisigino kwanza kana kwamba uwanja wa kituo ungemponyoka wakati wowote. Katika mstari wa watu kumi wanaokwenda sawa, yeye alionekana kama jino lililoota kando.

Wahenga husema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikuwa ameshakauka. Nilimfunga kamba mguuni na mwenzake. Nilimtembeza kwenye mistari ya chokaa. Siku moja nilimwuliza, kwa hasira, hiyo miguu yake ni ya nchi gani.

"Afande, mimi nilizaliwa kwa slope," alinijibu kwa upole. "Huko kwetu ukitembea vile unataka, utajipata kwa mto."

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikageuka nisionekane nikicheka.

Kila mwaka, sikukuu za taifa zikikaribia, kila kituo kilitoa maafisa wa kwenda kwenye gwaride la sherehe Meru. Mimi ndiye niliyechagua wetu. Nilipita mbele ya mstari nikikagua kola, vifungo, mkanda, buti, kisha nikawaambia watembee. Yule asiyefaa nilimgusa bega kwa fimbo, na yeye akatoka mstarini. Ireri alijitokeza kila mwaka. Mavazi yake yalikuwa masafi kuliko ya wote, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Na kila mwaka nilimgusa bega. Aliondoka akitabasamu, akaenda kukaa kwenye dawati la ripoti ili wenzake waende wakapigiwe makofi.

Mara moja tu alisema kitu. Alikuwa ameshapata ukoplo wakati huo. Tulikuwa tunakula githeri kantini akaniambia, "Afande, iko siku utaniweka kwa parade." Nikamwambia siku hiyo itakuwa baada ya mimi kustaafu. Ulikuwa mzaha tu. Ningekuwa na uwezo wa kulirudisha neno moja kati ya maneno yote niliyosema kazini, ningelirudisha hilo.

Maana mtu huyo niliyemtoa mstarini ndiye aliyekuwa polisi wetu bora. Gari likitumbukia bondeni, na kwenye barabara ile yalitumbukia, sisi wenye hatua nzuri tulisimama juu tukishika miti. Ireri alikuwa ameshafika chini. Ile miguu niliyoitukana ilimshusha na kumpandisha kana kwamba yuko shambani kwao. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana kubeba machela kwenye mteremko, sita sita, akiwaimbia kwa sauti ya chini, "Shika, enda. Shika, enda." Maana yake ni kwamba mguu mmoja ushike ardhi kwanza, ndipo mwingine uinuke. Sikumbuki machela hata moja iliyowaponyoka. Niliona haya yote kwa macho yangu, nikamsifu hata mbele ya Mkuu wa Kituo, lakini sikukuu ilipofika nilimgusa bega kama kawaida. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulikuwa ukivimba bila mimi kujua.

Alikufa mchana, siku ya manyunyu, zikiwa zimebaki wiki chache niondoke kazini. Pikapu ilikuwa imeacha barabara na kuangukia kwenye migomba. Koplo na vijana wake walikuwa wamewapandisha majeruhi wote watatu, wa mwisho ndiyo kwanza awekwe kwenye ambulensi. Watu walikuwa wamejaa barabarani kutazama, kama tunavyopenda. Ndipo lori lililokatika breki likaonekana kwenye kona ya juu. Waliokuwepo wananiambia Ireri hakukimbilia kando. Alikimbia kupanda, kuelekea lori, akipuliza filimbi na kuwasukuma watu mtaroni mmoja mmoja kwa yale mabega yake. Mama mmoja wa sokoni alirushwa mtaroni pamoja na kikapu chake cha parachichi, na anasema alikuwa ameshafungua mdomo amtukane. Wote walipona. Yeye hakupona.

Nililia. Sajini halii mbele ya watu wake, kwa hiyo niliingia stoo nikalilia huko, katikati ya mablanketi.

Kesho yake mkewe, Wanja, alikuja kituoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, lakini alikaa kwenye benchi akiwa ametulia, mkoba magotini, akauliza Sajini ni nani. Nikajitambulisha.

"Ni wewe huchagua watu wa parade," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Mimi ndio nilikuwa napiga hiyo nguo pasi. Kila mwaka. Akirudi ananiambia, Wanja, ni mwaka ujao." Akausogeza mkoba magotini. "Sasa mtambeba vizuri?"

Nikamwambia tutambeba vizuri. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Mkuu wa Kituo wa wakati huo, kijana kuliko mwanangu wa kwanza, aliniuliza kama nitaweza au aombe mwalimu mwingine kutoka makao ya kaunti. Nilimwambia hilo gwaride ni langu. Niliwachagua wabebaji sita kati ya wale waliokuwa wakishuka naye bondeni, nikawafundisha siku tatu. Tulipakia magunia ya mahindi juu ya meza, wakaiinua mabegani, wakazunguka uwanja kwa hatua ya pole mpaka ndege wakawazoea. Siku ya tatu niliweka kikombe cha chai juu ya magunia, na hakikumwagika. Nikajiambia, Ireri, utakwenda kama afisa mkuu.

Nilikuwa nimesahau jambo moja, na mtu yeyote wa Manyatta angeniambia. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye uwanja tambarare.

Nyumba yao iko katikati ya mteremko. Kaburi lilichimbwa chini kabisa, penye mpaka wa kahawa na majani ya ng'ombe, na usiku wa kuamkia mazishi mvua ilikuwa imenyesha. Njia ilikuwa udongo mwekundu unaong'aa. Padri alimaliza ibada, kwaya ikaanza, Kamanda wa Kaunti akasimama wima, nikatoa amri. Wabebaji wakainua jeneza, bendera juu yake, na juu ya bendera kofia na mkanda wa Koplo. Wakaanza kushuka kwa hatua ya pole, ile nzuri, mguu ukining'inia hewani.

Hatua ya nne, kijana wa mbele kushoto aliteleza. Jeneza likainama. Walilishika, lakini kofia ilianguka, ikabingirika mpaka kwenye tope. Kwaya ikakatika. Wanja alitoka peke yake, akaiokota, akaanza kuifuta kwa leso yake, na hakunitazama. Ningependa angenitazama kwa hasira.

Mjomba wa marehemu akanisogelea. "Sajini, wachia vijana wa hapa wabebe," alisema kwa heshima. "Nyinyi hamjui hii mlima."

Alisema kweli. Kamanda alikuwa akinitazama, watu wote wa kijiji walikuwa wakinitazama, na mimi nilitazama miguu ya wabebaji wangu, imenyooka vizuri kama nilivyoifundisha, ikitafuta pa kukanyaga. Nikakumbuka nimemwahidi nani. Nikamwomba mzee dakika moja tu. Kisha nikatoa amri ambayo haimo katika kitabu chochote cha gwaride.

"Wabebaji. Kwa hatua ya Ireri. Mbele, tembea."

Hakuna aliyeuliza ni hatua gani. Magoti sita ya kulia yakakunjika. Nyayo zikageuka upande, visigino vikauma udongo, hatua zikawa fupi. Yule aliyeteleza ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini, na wengine wakapokea: "Shika, enda. Shika, enda." Jeneza likashuka. Halikuinama tena. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo yangu ya kupimia, nikaona nikitembea kwa madaha yangu nitawafuata kwa makalio. Basi, kwa mara ya kwanza maishani, nami nikakunja magoti nikatembea kama Ireri. Kwaya ilianza tena tulipofika kwenye kahawa.

Baadaye Kamanda aliniita kando. "Sajini, hiyo hatua iko ukurasa gani?"

"Haijaandikwa, bwana."

"Basi iandike," alisema, akaenda kumpa Wanja pole.

Niliiandika, kurasa mbili, na mchoro wa miguu nilioufanya vibaya. Ndiyo kazi pekee ya kalamu niliyoiacha kituoni. Sasa naishi Majengo, karibu na bucha ambalo mdogo wangu analiendesha, na vijana wanaojiandaa kwenda kuajiriwa huja kunitaka niwafundishe kutembea. Nawafundisha yote niliyofundishwa. Mzee wa masharubu alisema kweli, kazi huanza kwa miguu. Ila nawaambia pia kwamba niliitazama miguu ya mtu mmoja miaka mingi na sikuona inakoelekea, kwa hiyo wasiniamini kila kitu.

Limebaki moja. Kanuni ni kwamba vifaa vya serikali hurudishwa stoo, hata mwenyewe akiwa amefariki. Wanja alivileta wiki yangu ya mwisho kazini. Alivipanga juu ya meza: shati na suruali za gwaride, mkanda, buti, na ile kofia, ambayo haikuwa na doa la tope. Vyote vimepigwa pasi na kung'arishwa. Nilipomwambia haikuwa lazima, alisema ni mazoea tu.

Konstebo wa stoo alikuwa amenyoosha mkono kuvichukua. Nikamzuia. Nilisimama mbele ya meza kama ninavyosimama mbele ya mstari, nikakagua kola, vifungo, mkanda, buti. Nilizunguka upande wa pili nikatazama mkunjo wa suruali. Sikuona kosa. Fimbo ilikuwa mkononi mwangu, na mkono wenyewe ulijua mahali ulipozoea kuipeleka. Nikaiegemeza ukutani.

"Koplo Ireri," nikasema, "baki kwenye mstari."

Wanja alisimama kutoka kwenye benchi, akaweka mikono yake sawa ubavuni.

"Ndio, afande," akaitika.