Mkongojo Uliobaki Ukutani

Juzi nikiwa sokoni nachagua mitumba nilipata habari kwamba fundi baiskeli wetu wa Ihumwa amefariki. Mnaonisoma mnajua nazidisha chumvi, na kicheko changu husikika hadi Haneti. Leo chumvi imeniishia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya ruksa, biashara na mahubiri vilipofunguliwa milango, vipaza sauti vya mikutano ya injili vikiwa vingi kuliko mbu. Fundi, aliyekuwa na ulemavu wa mguu, aliombewa, akatupa mkongojo, akatembea. Nilikuwepo, mji mzima ulilia, na mbuzi pia, nadhani. Mkongojo ukatundikwa ukutani kanisani uwe ushuhuda. Mama yangu aliokoka siku ileile, kwa sababu ya mguu ule.

Kanisani humo ndimo tulimosomea masomo ya jioni, nami kiranja ndiye niliyeshika ufunguo. Miezi kadhaa baadaye fundi alinikuta nafungua mlango, wenzangu hawajafika. Nikamwamkia. Aliitikia akiwa ameegemea baiskeli, jasho likimtoka.

"Msomi, mguu umerudi kama zamani. Nitolee mkongojo wangu."

Nikacheka, maana niliogopa. "Mzee, ukionekana nao, mama yangu tutamwambia nini?"

Akaushika tena usukani wa baiskeli. "Basi, mwanangu. Tusimwambie kitu."

Tangu siku hiyo alisukuma baiskeli kila aendako, kisimani, misibani, ibadani. Baiskeli mpya zilikuwa zimefurika madukani, watu wakadhani anawapelekea wateja mali zao. Wakamtania kuwa ni fundi anayeogopa kupanda kazi ya mikono yake. Nami nilitania, tena kwa sauti kuliko wote. Kila Jumapili aliketi chini ya mkongojo wake, akiimba.

Jana mazikoni mchungaji alitaja muujiza ule, tukaitikia amina, mama yangu kwa nguvu zaidi. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani nyumbani kwake, haina mnyororo wala pedali. Kiti chake kimelika, ila kwa kiganja tu, hakuna aliyekikalia.

Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba imani isiyomruhusu mtu kusema anaumwa ni hofu iliyovaa nguo za Jumapili. Hata yule mwanafunzi wa Bwana katika Injili, aliyetembea juu ya ziwa, alipoogopa alipiga kelele kwamba anazama, akashikwa mkono kwanza. Kukemewa kulifuata baadaye. Fundi naye alisema anazama. Aliniambia mimi, na ufunguo nilikuwa nao mkononi.