Kamera Iliyogandia Kwenye Pete

Kamera yangu ilikuwa na adabu zake. Haikuwahi kuganda nikiwa napiga ukuta wa sebuleni kwa majaribio. Ukuta iliupiga vizuri sana. Ilisubiri mpaka bibi harusi ashuke kwenye gari, ndipo kioo kikwame na vitufe vyote vigeuke mapambo, na mimi nibaki nimeinama pale kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

Wakati huo ndio kwanza nilikuwa nimeacha cherehani na kuanza kupiga picha za sherehe hapa Tabora mjini, na mji wetu haujawahi kupungukiwa na washauri. Fundi simu mmoja wa karibu na stendi aliipokea kamera, akaigongagonga kama anayechagua tikiti maji, akatoa hukumu: "Dada, hili ni joto tu." Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mume wangu, ambaye hajawahi kupiga picha bila kukata watu vichwa, aliamua kuwa ni betri. Nikanunua betri mpya. Ikaganda vilevile, safari hii ikiwa na chaji ya kutosha. Nikasafisha pale lenzi inapoungana na kamera. Nikafuta mipangilio yote ili irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikaganda kama iliyotoka kiwandani.

Kitu kimoja tu sikukigusa: kadi ya kuhifadhia picha. Ningeigusaje? Ilikuwa mpya, ina maandishi ya dhahabu, na muuzaji alinihakikishia kuwa ingebeba harusi za mkoa mzima.

Basi nikaenda na kamera hivyohivyo Goweko, kijijini. Wazee wawili, wakulima wa tumbaku, walikuwa wanabariki ndoa yao kanisani baada ya kuishi pamoja miaka arobaini. Binti yao mkubwa ndiye aliyenikodi. "Mama hana hata picha moja na baba," aliniambia. "Nataka ile ya pete. Nyingine ukikosa, nitakusamehe."

Kamera, bila shaka, ilikuwa inasikiliza.

Mchungaji aliniuliza kama niko tayari. Nikajibu niko tayari, tena kwa sauti ya mtaalamu. Mzee akamvisha mkewe pete. Nikabonyeza. Ukasikika mlio mmoja, kisha ikaganda. Nikachomoa betri, nikairudisha huku jasho likinitiririka.

"Baba, samahani sana," nikasema. "Naomba urudie."

Mzee akaivuta pete. Kiungo cha kile kidole kilikuwa kimevimba kwa miaka ya jembe, pete ikatoka kwa shida na mama akauma midomo. Akamvisha tena. Kamera ikaganda tena. Sauti moja ya kiume nyuma kabisa ikasema, "Jamani, hata kamera imeikataa hii ndoa!" Kanisa zima likacheka, na mimi nikatamani kurudi kwenye cherehani yangu siku ileile.

"Shikamoo mama, nisamehe," nikamwambia bibi harusi. Sijui kwa nini nilimwamkia. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike," akanijibu. "Pete nimeingoja miaka arobaini. Leo nimevishwa mara mbili. Mwache mzee wangu aendelee."

Watu walipomaliza kucheka, kiongozi wa kwaya, mama mmoja mnene wa sauti ya pili, alikuja mpaka pale nilipokuwa nimepiga magoti. Hakuigongagonga kamera. Alisema tu, "Nionyeshe kadi." Nikampa. Akaichomoa kwenye ganda lake la plastiki, kikabaki kijikadi kidogo kama kile cha simu, akakigeuza mara moja. "Kama hii ndiyo ilikuwa inakwamisha spika yetu katikati ya wimbo. Hizi ni feki. Zinapokea kidogo, zikizidiwa zinagoma." Akaenda kuchomoa kadi ya kwaya kwenye spika, akaipachika kwenye ganda lile, akaniletea. "Ila nyimbo zetu usifute."

Wiki tatu nimezunguka kwa mafundi wenye meza na bisibisi, na jibu lilikuwa kwa sauti ya pili ya kwaya ya Goweko.

Mzee akaivuta pete tena, akamvisha mara ya tatu. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikashikilia kabisa, na kamera ikaenda mfululizo kama cherehani nzima. Ibada iliyobaki kwaya iliimba bila muziki wa spika, kwa vinywa vyao tu. Waliimba vizuri zaidi, lakini sikuthubutu kuwaambia.

Muuzaji wa kadi, nilipomrudia mjini, alinisikiliza kwa huruma nyingi, kisha akanishauri ninunue kamera nyingine. Kwa bahati nzuri, alikuwa nazo.

Wiki iliyofuata nilirudi Goweko na kadi ya kwaya, nyimbo zote zikiwa salama, na bahasha ya picha. Nilimkuta mama akichambua majani ya tumbaku kibandani na mumewe. Akaitoa picha ya juu, ile ya pete, mikono ya mzee ikiwa imetoka na ukungu kidogo. Mzee akachungulia begani kwake.

"Kumbe nilikuwa natetemeka hivi?" akauliza.

"Ulianza kutetemeka tangu ya kwanza," mkewe akamjibu.

Mama alitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku, akairudisha picha kwenye bahasha taratibu, akishika pembe tu, akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Alirudi, akakaa, akaanza kuzitazama upya.