Nukta Moja Iliyonitoa Meno Mawili

Admin wa ukurasa huu, naomba jina langu libaki kwako. Mimi niko na miaka ishirini na nne, mama ya mtoto mmoja anayenyonya, na shule niliachia form two. Tulikuwa tunaishi Noonkopir na mume wangu, fundi wa mjengo. Mimi hukata maua kwa shamba moja huko Isinya. Saa hii niko kwa dada yangu Kajiado, naandika nikiwa na nyuzi kwa mdomo.

Mtoto wangu Mueni alishikwa na nimonia. Supavaisa wetu, mzee wa heshima, akatubeba na gari yake mpaka hospitali, tukapewa dawa tukarudi. Kesho yake nikaona si vizuri kunyamaza. Nikamwandikia SMS kwa Kiingereza kwa sababu ni mtu wa ofisi: "Thank you for yesterday my love to madam and the children." Nilimaanisha asante kwa ya jana, halafu salamu kwa mke wake na watoto. Nukta baada ya "yesterday" sikuweka. Sisi wote huandika hivyo, SMS isijae ikawa mbili.

Jioni mume wangu akashika simu. Kioo ni kidogo, akasoma mpaka "my love" akaachia hapo.

"Asante ya jana, mpenzi wangu? Jana ulimpea nini?"

"Baba Mueni, shusha chini, soma yote."

"Mimi ndio unafundisha kusoma?"

Ngumi ya kwanza ilinipata mtoto akiwa kwa titi. Nikamsukuma mtoto chini ya kitanda, nikaziba na mwili wangu. Akanipiga na mwiko wa kujengea mgongoni, akanishika nywele, akagongesha uso wangu kwa ukuta mpaka nikatema meno kwa kiganja. Majirani ndio walivunja mlango.

Jumapili mume wangu alikuja hapa na mama yake na pasta. SMS alikuwa ameshasoma yote.

"Na wewe mwanangu," mama mkwe akasema, "Kiingereza cha nini?"

Pasta akasema hapo ilitaka koma tu. Dada yangu ni mwalimu wa nursery. "Hapana, Pasta. Ukiweka koma bado huyo mzee anaitwa my love. Hapo ni nukta." Wakabishana chai ikapoa, mimi nimekaa na uso umefura kama andazi.

Nikawaambia, "Anayetakiwa kukoma ni huyu."

Mume wangu akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini kutoka leo ukiandika kitu, niletee kwanza nikague."

Amenisamehe mimi!

Bado nampenda, siwezi danganya. Mueni alipomuona alimnyooshea mikono. Lakini nimesema sirudi mpaka akiri mbele yao kwamba hata kama ningeandika hayo maneno nikimaanisha, hakuwa na haki ya kunigusa. Amekataa. Hata mama yangu mzazi kule Ukambani anasema ilikuwa makosa ya kuandika tu, nirudi nyumbani.

Jumamosi mume wangu anakuja kutuchukua. Nyinyi mnaosoma, nishaurini mapema: akibisha, nimfungulie, ama anikute nimeshaenda polisi?