Chupa zilizokwama kwenye matete

Wiki iliyopita, nikisubiri muhuri ofisi ya kijiji pale Mofu, nilimkuta mtafiti, binti wa chuo kikuu, akiwaonyesha wavuvi kompyuta yake. Kwenye ramani ya kioo chake, nukta nyekundu, ambazo alisema ni chupa za plastiki, zilitoka mto Kilombero, zikaingia Rufiji, zikatawanyika baharini.

Mama mmoja mvuvi akanyoosha mkono. "Mwanangu, chupa zako hazipumziki njiani?"

"Kupumzika vipi, mama?"

"Mafuriko yakija, maji yanazisukuma kwenye matete. Zinakaa humo mpaka masika mengine."

Nilidhani binti atajitetea. Yeye akauliza, "Unaweza kunipeleka, mama?"

Wakaondoka kwa mtumbwi. Waliporudi mchana, binti alikuwa na matope hadi magotini na kiroba cha chupa zilizopauka kwa jua. Akafungua kompyuta, akaifuta mbele yetu njia ya zile nukta aliyoichora kwa miezi kadhaa, kisha akamsogezea mama kiti.

"Tuanze upya," akasema. "Nionyeshe matete yote yalipo."

Wataalamu wengi wamepita bondeni kwetu kutuelimisha. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akifuta kitu.